Kumwaga rejeta sio kubadilisha kulanti, hasa kwenye dizeli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua mnapenda barua fupi ila hii nikiibana sana haitamsaidia mtu. Ni kuhusu yale maelezo mliyotoa kwenye ukurasa wa magari, namna ya kubadilisha kulanti, yani yale maji yenye dawa yanayopooza injini, kwenye gari la dizeli kwa hatua nne, fungua koki ya rejeta, acha yote imwagike, funga koki, jaza mpya iliyochanganywa tayari, basi kazi imeisha. Maelezo yameandikwa vizuri na picha zinaonekana, sina ugomvi na mwandishi hata kidogo, ila kinachotoka kwenye koki ya rejeta sio yote bwana mhariri, kwenye injini nyingi hata nusu haifiki, na kinachobaki kwenye bloku, yani mwili wa injini wenye silinda, na kwenye heta ndo kile kile mtu alichokuwa anataka kukitoa.

Tuchukue injini ambayo mfumo wake mzima unabeba lita 20 ili hesabu iwe rahisi. Unafungua koki ya chini zinatoka lita 9 hivi, alafu inaanza kudondoka tone tone unaona imekwisha. Lita 11 bado zimo, zimelala kuzunguka silinda, ndani ya hedi inayofunika silinda kwa juu, kwenye kipoozeo cha oili na kwenye mabomba ya heta. Ukijaza lita 9 mpya hapo una mchanganyiko ambao asilimia 55 ni ya zamani. Ukirudia kumwaga na kujaza mara ya pili ya zamani inabaki kama 30, mara ya tatu kama 17, mpaka ufike kwenye 5 umeshajaza mara tano. Kwahiyo anaemwaga mara moja akafunga kazi hajabadilisha kulanti, amepunguza uchakavu tu, na stika ya sevisi atabandika vile vile.

Alafu kuna mtego wa pili ambao hata mafundi wazuri wanaingia, na maelezo yenu yamewaelekeza wasomaji humo humo. Mtu kasafisha vizuri kabisa, kapitisha maji safi mara kadhaa mpaka yanatoka meupe, kamwaga rejeta kwa mara ya mwisho, kafunga, kachukua dumu la kulanti iliyochanganywa tayari nusu kwa nusu kajaza. Sasa zile lita 11 zilizobaki ndani ni maji matupu, na kwenye lita 9 alizoweka kulanti halisi ni lita 4 na nusu tu. Lita 4 na nusu kwenye 20 ni asilimia 22 na kidogo, wakati yeye anatembea akijua ana 50. Na zile dawa za kuzuia kutu nazo zimepungua kwa kiwango hicho hicho. Ukisafisha kwa maji na huna namna ya kutoa yaliyobaki kwenye bloku, unajaza kulanti nzito, ile ambayo haijachanganywa, na unapiga hesabu kwa ujazo wa mfumo mzima sio kwa kile kilichotoka. Kwa mfano wetu zinatakiwa lita 10 za nzito na nafasi iliyopo ni lita 9, kwahiyo lazima ufungue na nati ya kumwagia iliyo kwenye bloku upate hiyo nafasi iliyopungua. Ujazo wa mfumo mzima umeandikwa kwenye kitabu cha gari, na kwenye maelezo yenu hiyo namba haikutajwa popote.

Najua kuna atakaesema mbona gari yake inatembea na maji ya bomba miaka yote na haichemshi. Ni kweli inaweza isichemshe. Tena nimwongezee, maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko kulanti, ethilini glaikoli, ile kemikali kuu ya kulanti, yenyewe ni dhaifu kwenye kubeba joto ndo maana kulanti nzito haijazwi tupu bila maji, ukizidisha sana gari inapata joto zaidi badala ya kupungua. Kwahiyo sio kwamba maji hayapoozi. Tatizo la maji matupu ni kwamba yanakula chuma, na kwenye dizeli yanakula kwa namna ambayo kwenye petroli huikuti sana.

Injini nyingi za dizeli za kazi zina slivu za maji, yani lile bomba ambalo pistoni inapanda na kushuka ndani yake limezungukwa na kulanti moja kwa moja bila ukuta mwingine katikati. Dizeli inawaka kwa kishindo, unakisikia mwenyewe injini ikiwa baridi, na kile kishindo kinaipiga pistoni upande mmoja wa slivu, slivu inatetemeka kwa kasi ambayo jicho halioni. Inaporudi ndani inaacha mgandamizo mdogo sana upande wa maji, hapo vinazaliwa viputo vya mvuke, slivu inapotoka tena vile viputo vinapasuka juu ya chuma, na kupasuka kwake kuna nguvu ya kung'oa vipande vidogo vya chuma. Hii inaitwa kavitesheni. Kimoja hakifanyi kitu, ila injini ikizunguka siku nzima hesabu yenyewe unaiona. Ukiing'oa slivu iliyoliwa hivyo ukaiosha ukaishika mkononi, pande zote ziko salama isipokuwa upande ule pistoni inapoegemea, hapo unakuta mstari wa vishimo umeshuka wima kama ubao ulioliwa na mchwa, vingine ukipitisha ukucha unanasa, vingine ukimulika tochi kwa ndani unaona nuru nje. Kikishatoboka kimoja kulanti inaingia kwenye silinda au inashuka kwenye oili. Ikijaa kwenye silinda usiku, asubuhi ukipiga stata maji hayabanwi, kitakachopinda ni koni rodi, yani ule mkono unaoshika pistoni. Ikishuka kwenye oili ni bearingi zote.

Kinachozuia hayo ni dawa zilizomo kwenye kulanti, sio glaikoli. Kwenye kulanti za zamani za dizeli kubwa ni naitraiti, wakati mwingine na molibdeti, zinatengeneza utando mwembamba juu ya slivu, viputo vinapasukia kwenye utando na utando unajijenga tena. Kulanti za kisasa za asidi za kikaboni zinafanya kazi hiyo kwa njia nyingine, baadhi bila naitraiti kabisa. Sasa dawa hizi zinaliwa na kazi, zinaisha, hata kama kulanti kwa macho bado ina rangi nzuri na ukiipima kwa haidromita inakwambia iko sawa. Haidromita na ile rifraktomita vinapima glaikoli tu, havijui chochote kuhusu dawa. Mtu anapima anaona iko vizuri, anaondoka na furaha, kumbe slivu hazina ulinzi. Kwa malori kuna vibanzi vya kuchovya vinavyobadilika rangi kuonyesha dawa imebaki kiasi gani, ni vitu vidogo lakini sioni vikitumika inavyotakiwa. Na kuna injini zina filta ya kulanti yenye dawa ndani yake, ukibadilisha kulanti ukaiacha filta ya zamani hujamaliza kazi, na ukiweka filta yenye dawa juu ya kulanti ambayo tayari ina dawa kamili umezidisha, na kuzidisha nako kuna kesi yake, dawa ikiwa nyingi kuliko kulanti inavyoweza kuyeyusha inaganda inakuwa uji mzito unaoziba matundu madogo ya rejeta. Kwahiyo wale wa kumimina chupa nzima ya dawa wakisema iwe na nguvu zaidi, waache.

Wengine wanasema kulanti ni ya nchi zenye barafu, sehemu za joto haina kazi. Ni kweli nusu kwa nusu inazuia kuganda mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri na huenda huko kwako hutazihitaji maisha yako yote. Lakini inapandisha pia kiwango cha kuchemka, mchanganyiko wa nusu kwa nusu unachemka kwenye nyuzi 107 hivi bila mgandamizo wakati maji yanachemka kwenye 100, na ukiwa milimani maji yanachemka mapema zaidi, kila unapopanda mita 300 unapoteza karibu nyuzi moja. Lori lenye mzigo likiwa linakwea mlima ndo linakuwa na joto kubwa kuliko wakati wowote, na hapo hapo maji yake yamekuwa mepesi kuchemka.

Hapo kwenye mgandamizo niseme na kifuniko cha rejeta maana nyie hamkukigusa. Kile sio kifuniko cha kuzuia maji yasiruke, ni valvu. Ukikigeuza chini kuna springi na raba kubwa, na katikati kuna kisahani kidogo kinachovutika kwa kucha. Springi na raba vinashikilia mgandamizo, vingi ni kati ya 0.9 na 1.1 za ba, ambayo ni kipimo cha mgandamizo, na huo mgandamizo unapeleka maji yachemke karibu nyuzi 120 badala ya 100. Raba ikipasuka au springi ikichoka umepoteza nyuzi karibu 20 za usalama bila kitu kingine chochote kuharibika, na utabadilisha wota pampu na feni na rejeta ukimtafuta mchawi. Kale kasahani ka katikati kazi yake ni kurudisha kulanti kutoka kwenye chupa ya akiba injini ikipoa, kakiganda utakuta asubuhi hosi ya juu imenyonywa imebonyea. Angalia raba, vuta kasahani kaachie kanarudi chenyewe, na kama huna uhakika nunua kipya chenye namba ile ile iliyoandikwa juu. Usiweke cha namba kubwa ukidhani unaongeza nguvu, kitakachopasuka ni hosi au rejeta ya heta.

Sasa kazi yenyewe jinsi inavyotakiwa kwenda. Injini iwe baridi, na sio baridi ya kusubiri dakika kumi, iwe imelala usiku ndo vizuri, maana kifuniko ukikifungua ikiwa moto mgandamizo ukitoka yale maji yanageuka mvuke papo hapo yanakuja usoni. Weka heta kwenye joto la mwisho, kama gari ina heta ya nyuma nayo fungua, kuna magari yana valvu inayofunga maji ya heta na usipoifungua kulanti ya zamani inabaki humo. Fungua kifuniko, fungua koki. Rejeta ikishaisha tafuta nati ya bloku, kawaida iko ubavuni chini ya usawa wa silinda, injini za V zina moja kila upande, na hizi nati ndo zinazokwepwa kwasababu zimekaa pabaya, zina kutu, na mtu anaogopa itavunjika. Ipige dawa ya kulegeza kutu mapema, tumia soketi ya pembe sita sio spana ya mdomo wazi. Ukiitoa na hakuna kinachotoka usishangilie kwamba bloku ni tupu, ingiza waya taratibu, mara nyingi kuna tope la kutu limejaa hapo chini, ukilitoboa ndo unaona rangi halisi ya kilichokuwa kinazunguka kwenye injini yako.

Kinachotoka kisome kabla hujakitupa. Maji mekundu ya kutu yanakwambia dawa ziliisha zamani. Vipande vyeupe au vya kijivu vinavyosagika ni chokaa ya maji magumu. Utelezi wa mafuta juu yake unaelekeza kwenye kipoozeo cha oili au gasketi ya hedi, na hiyo haitatibika kwa kusafisha, tafuta kwanza mafuta yanaingilia wapi. Kama kabla ya kumwaga ulikuwa unaona viputo vinapanda kwenye mdomo wa rejeta injini ikizunguka na haviishi, fanya kipimo cha gesi ya silinda kwanza, usipoteze kulanti mpya kwenye injini iliyoua gasketi.

Ukifunga jaza maji safi, washa, iache ipate joto mpaka themostati ifunguke, yani ile valvu inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta, utajua kwa kushika hosi ya juu, ilikuwa vuguvugu ghafla inakuwa moto. Hapa dizeli inasumbua, injini nyingi za dizeli zikiwa sailensa tu, yani zinaunguruma bila kukanyaga mafuta, hazipati joto haraka, nyingine zinaweza kukaa muda mrefu sana themostati haijafunguka vizuri, kwahiyo panda kidogo mpaka mizunguko 1,500 hivi au endesha, usikae ukiangalia saa ukadhani maji yamezunguka kumbe yanazunguka kwenye bloku peke yake. Wengine wanatoa themostati wakati wa kusafisha tu, ni njia nzuri, mradi irudishwe. Zima, iache ipoe, mwaga, rudia mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Kupoa hapo katikati ni lazima, ukimimina maji baridi kwenye bloku iliyo moto unapasua hedi, na hedi ya chuma cha kumiminwa haionyeshi huruma kabisa.

Dawa za kusafishia zinategemea uchafu. Kutu na chokaa vinatolewa na asidi laini, asidi ya sitriki inatosha kabisa na haina fujo kama zile kali. Lakini kama ni mafuta ndani ya rejeta asidi haifanyi kitu, hapo inatakiwa sabuni isiyotoa povu, aina ile ya mashine za kuoshea vyombo, povu likiingia kwenye mfumo utasuuza mpaka uchoke. Rejeta nyingi za sasa ni za aluminiamu na asidi ikikaa inaitafuna, usiiache humo ukaenda kulala, zungusha kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, mwaga, suuza tena na tena. Suala la kupuliza rejeta na kompresa ili uchafu uruke silikubali, rejeta ya heta inahimili mgandamizo mdogo tu na ikipasuka unafumua dashibodi nzima. Maji ya hosi kwa kurudi nyuma, kutoka chini kwenda juu, yanatosha.

Maji ya mwisho ya kuchanganyia yawe yale yaliyotolewa madini, yanayouzwa kwa ajili ya betri, na hakikisha ni maji na sio asidi ya betri maana madumu yanakaa rafu moja. Maji ya bomba na ya kisima yana kalisi na magneziamu, kwenye chuma cha moto yanaacha ganda, ganda linazuia joto lisitoke, na ganda la kwanza linajijenga pale penye moto mkali kuliko kote, yani juu kwenye hedi karibu na valvu za ekzosi, sehemu ambayo huwezi kuiona wala kuifikia kwa brashi. Kuyachemsha hakusaidii kama watu wanavyodhani, mvuke unaondoka na madini mengine yanabaki kwenye maji yale yale. Na injini za sasa zenye kipoozeo cha EGR, yani mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini, na kipoozeo cha oili zina njia nyembamba sana za kulanti, hizo ndo zinaziba mwanzo kabla hata rejeta haijaonyesha dalili.

Kuhusu rangi naomba nieleweke. Hakuna sheria ya dunia inayosema kijani ni hivi na nyekundu ni vile. Kila kiwanda kinaweka rangi kinayotaka. Kulanti mbili nyekundu zinaweza kuwa za kemia tofauti na zikikutana zikapoteza ulinzi au zikafanya tope, na ya kijani na ya bluu zinaweza kuwa kitu kimoja. Soma nyuma ya dumu imekubalika kwa viwango gani, linganisha na kitabu. Zile za kijani za aina ya zamani kwa ujumla ni za miaka miwili hivi, zile za asidi za kikaboni nyingi zinatajwa miaka mitano, ila hiyo ni kama mfumo ulisafishwa kweli, ukiweka ya miaka mitano juu ya lita 11 za zamani hujapata ya miaka mitano.

Halafu hii tabia ya kutoa themostati moja kwa moja, mtu anaambiwa gari haitachemsha tena. Kwanza kuna injini ambazo themostati yake ina kisahani cha pili kwa chini, ikifunguka juu inafunga njia ya mkato ya kurudia kwenye pampu. Ukiitoa ile njia inabaki wazi muda wote, sehemu ya kulanti inazunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari inachemsha zaidi kuliko mwanzo mlimani. Pili hata zile ambazo hazina hicho kisahani, dizeli ikitembea baridi haiunguzi mafuta vizuri, inatoa moshi, dizeli mbichi inaosha oili kwenye kuta za silinda, pete za pistoni zinakwisha. Themostati nyingi za dizeli zinaanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 88, ichemshe kwenye sufuria na kipima joto pembeni uone inafunguka au la, kama haifunguki weka mpya, na ile tundu yake ndogo yenye kipini ikae juu, ndo inayopitisha hewa wakati wa kujaza.

Na hewa ndo jambo la mwisho la hatari kwenye hii kazi. Jaza taratibu, gari liwe limeinua pua kidogo kama unaweza, fungua skurubu za kutolea hewa kama zipo mpaka itoke kulanti tupu isiyo na viputo, minya hosi ya juu kwa mkono uone viputo vinavyopanda. Washa kifuniko kikiwa wazi, heta moto, ongeza usawa unapoteremka themostati ikifunguka. Dalili ya hewa iliyobaki ni heta kupuliza baridi wakati geji inasema moto, au geji kulala kabisa wakati injini inanuka joto, na hiyo ya pili ndo inayoua hedi, maana kisoma joto kikiwa ndani ya hewa badala ya kulanti hakisomi ukweli, dereva anaona mshale uko chini anaendelea kukanyaga. Baada ya safari ya kwanza iache ipoe usiku, fungua angalia usawa, karibu kila gari litataka kuongezwa kidogo. Rudia kesho yake. Kama kila siku linataka, kuna mahali panavuja, na sipendekezi zile poda za kuziba, zinaziba na kipoozeo cha oili bila kukuuliza, angalia kwanza kitundu cha chini ya wota pampu na hosi karibu na klipu, hosi zinaozea ndani hivyo nje inaweza kung'aa, ukiiminya ikalia au ikawa laini isivyo kawaida itoe.

La mwisho kabisa, kulanti iliyotoka. Maelezo yenu yalisema mwaga tu. Hapana jamani. Ethilini glaikoli ni sumu na ina utamu, mbwa na paka wanailamba kwenye dimbwi, kiasi kidogo tu kinaua figo, na mtoto nae ni hivyo hivyo. Iliyotumika ina na madini iliyoyakwangua kwenye rejeta na bearingi. Ikinge kwenye beseni pana kabla hujafungua koki, mimina kwenye dumu lenye kifuniko, andika juu yake ni nini, usitumie kamwe chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika moja, na upeleke kule wanakopokea oili chakavu, ukiwaambia mapema kwamba hii sio oili, maana wengi hawataki vichanganywe. Iliyomwagika chini imwagie mchanga au vumbi la mbao, zoa, alafu osha.

Asante kwa nafasi.

Fundi wa injini za dizeli, msomaji wenu